Osha kwanza: makabati ya jikoni yaliyoshika mafuta, kabla hujafungua kopo la rangi

Rangi ya kabati la jikoni huanza kubanduka sehemu zilezile katika kila nyumba: mlango ulio juu ya jiko, ubavu wa kabati unaopakana na jiko, na pale kwenye kishikio ambapo vidole hugusa kutwa nzima. Chukua kipande kilichobanduka ukigeuze. Mgongo wake utaukuta laini, unang'aa, na una unjano. Huo unjano ni mafuta ya kupikia. Rangi ile haikuwahi kushika ubao hata siku moja. Ilishika mafuta, na mafuta ndiyo yameiachia.

Mimi ni fundi rangi hapa Dar es Salaam, na kazi zangu nyingi ziko kwenye nyumba za zamani: Kinondoni, Magomeni, na yale maghorofa ya Upanga ambayo wazee bado wanayaita nyumba za Msajili, kwa sababu serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971 iliyaweka chini ya Msajili wa Majumba, hadi 1990 yalipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Jiko la nyumba kama hiyo limekaangiwa samaki na maandazi na familia baada ya familia. Makabati yake yana rangi juu ya rangi, na katikati ya kila rangi na mwenzake kuna utando wa mafuta ambao hakuna aliyeuosha.

Kwa hiyo nitasema wazi ninachoamini. Kazi ya kupaka kabati la jikoni ni kuosha. Kupaka kwenyewe ni sehemu ndogo na nyepesi. Na kuosha kunatangulia msasa. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea, na wateja wengi hawajui waulize nini.

Watu hudhani msasa utaondoa mafuta. Hauyaondoi, unayasambaza. Ukisugua ubao wenye mafuta, karatasi ya msasa inaziba papo hapo, joto la kusugua linayalainisha mafuta, na mikwaruzo mipya inayapokea na kuyazamisha. Yakishazama humo, kuyatoa ni kazi mara mbili. Fundi akifika nyumbani kwako na kopo la rangi, brashi na msasa lakini hana ndoo wala sabuni, muulize kwa upole: "Fundi, utaosha na nini?" Jibu lake litakuonyesha kazi itakavyokuwa.

Mafuta hayafanani

Mvuke wa sufuria na kikaango hupanda na matone madogo sana ya mafuta, na matone hayo hutua popote palipo na ubaridi kidogo: milango, dari, juu ya makabati. Yakitua, tabia yake inategemea ni mafuta gani.

Mafuta ya nazi na ya mawese hubaki laini. Ukipitisha kidole yanateleza, na maji ya moto yenye sabuni yanayatoa bila ubishi mkubwa. Mafuta ya alizeti ni habari nyingine. Yakikaa kwenye hewa yanavuta oksijeni, yanaungana na kuwa utando mgumu unaonata, wa rangi ya asali, karibu na vanishi. Ndiyo maana mlango wa kabati la nyumba inayokaangia alizeti unakuwa kama umepakwa gundi, na vumbi lote la Dar linakaa pale. Utando wa namna hiyo hautoki kwa kufuta na kitambaa chenye maji. Unahitaji kitu cha kuukata, na unahitaji muda.

Kuna aina ya tatu ambayo watu huisahau: mafuta ya ngozi. Kuzunguka kishikio kuna jasho, losheni, na mabaki ya kila kilichokuwa mkononi mpishi alipofungua kabati kutafuta chumvi. Sehemu hiyo haionekani chafu sana kama ile ya juu ya jiko, lakini ndiyo rangi inayowahi kubanduka. Mimi huiosha mara mbili hata kama macho yanasema ni safi.

Halafu masizi. Nyumba zilizopikiwa kwa mkaa au jiko la mafuta ya taa zina weusi uliochanganyika na mafuta. Masizi makavu yaondoe yakiwa makavu, kwa brashi laini au kitambaa kikavu, bila kukandamiza. Ukianza na maji utapata tope jeusi linaloingia kwenye nyufa za mbao na halitoki tena.

Lijue kabati lako

Kabla ya kuchanganya chochote, fungua mlango mmoja na uangalie ukingo wake, hasa upande wa bawaba ambako rangi huwa nyembamba, au ndani kabisa ambako hakuna aliyepaka. Ukiona nyuzi za mbao zinaendelea kutoka usoni hadi ukingoni, hiyo ni mbao kamili: mninga, mvule, mkongo, au msonobari. Ukiona tabaka tabaka, ni plaiwudi. Ukiona chembechembe za mbao zilizogandamizwa, ni chipubodi, na ukiona kitu laini cha rangi ya kahawia kisicho na nyuzi, ni MDF.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mbao kamili na plaiwudi nzuri huvumilia maji ukiyatumia kwa adabu. Chipubodi na MDF zikinywa maji ukingoni zinavimba, na zikivimba hazirudi. Kwa hizo, kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe hata tone, na kingo zilizo wazi uzifute mwisho, haraka, na kuzikausha hapohapo. Kwenye fomaika, yaani shiti ngumu laini iliyobandikwa juu ya ubao kwa gundi, maji hayana shida usoni, ila angalia pale ilipoanza kunyanyuka kona. Maji yakiingia chini yake gundi itaachia zaidi.

Nikukumbushe jambo la mninga. Ukikuta chini ya uchafu wote huo kabati ni la mninga mtupu lililopigwa vanishi, osha kwanza, likauke, kisha kaa ulitazame. Nimeona wenye nyumba wakibadilisha mawazo hapo na kuomba vanishi mpya badala ya rangi, na niliwaunga mkono kwa moyo wote. Mninga mzuri siku hizi ni ghali, na ule wa zamani una upana ambao maseremala wa Keko hawaupati kirahisi. Rangi unaweza kuipaka mwaka wowote. Kuitoa kwenye vinyweleo vya mbao ni mateso.

Magadi

Kinachokata mafuta ya zamani kwa bei ambayo kila mtu anaiweza ni magadi, haya haya yanayouzwa sokoni kwa kulainishia maharage na makande. Ni chumvi ya asili inayopatikana kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron upande wetu na Magadi upande wa Kenya. Kemikali yake ni alkali: ikikutana na mafuta kwenye maji ya moto hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni, na iliyobaki huichukua sabuni uliyoongeza.

Mchanganyiko wangu ni huu: ndoo ya plastiki yenye lita 5 za maji ya moto ambayo mkono wenye glovu unaweza kuyavumilia, vijiko vinne vya chakula vya magadi yaliyosagwa, na kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nimesema ndoo ya plastiki kwa makusudi. Chemsha maji kwenye sufuria, lakini magadi yatie baada ya kumimina kwenye ndoo, kwa sababu alkali hushambulia alumini na kuitia weusi. Kama vishikio au reli za droo zako ni za alumini, vitoe au uvikwepe.

Magadi ya sokoni yana mchanga. Yayeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, yaache yatulie mpaka uchafu uzame chini, kisha chuja kwa kitambaa unapomimina kwenye ndoo. Ukiruka hatua hii utakuwa unasugua mlango kwa mchanga.

Kwa mninga au mvule ambao haujapakwa chochote, usitumie magadi. Alkali huzitia giza mbao hizo, na doa lake ni la kudumu. Hapo tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji peke yake, kwa subira, na mwisho spiriti. Usishtuke kitambaa cha spiriti kikitoka na wekundu. Mninga una rangi yake ya damu na spiriti huivuta.

Vitu vingine vya kuwa navyo: ndoo ya pili ya maji safi, sponji yenye upande mgumu wa kijani, vitambaa vingi vya pamba (fulana kuukuu ni bora kuliko zote), mswaki wa zamani, vijiti vya meno, magazeti, kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake au mwiko bapa wa kukwangulia, siki, spiriti, glovu za mpira, bisibisi, tepu ya karatasi na kalamu. Stilwaya iache jikoni kwa masufuria. Vipande vyake vidogo hubaki kwenye mbao na kutu yake itatokeza juu ya rangi nyeupe.

Kuandaa

Vua milango yote. Najua inachosha, najua bawaba za zamani skrubu zake zimezibwa na rangi. Toa rangi iliyo kwenye mfereji wa skrubu kwa ncha ya msumari, kandamiza bisibisi vizuri ndipo uzungushe. Mlango ulioning'inia hauoshwi ukaisha. Mafuta mabaya kabisa yako kwenye ukingo wa chini na nyuma ya bawaba, ambako mkono haufiki.

Kila mlango upe namba. Iandike kwenye kipande cha tepu na ukibandike mahali bawaba inapokaa, kisha namba hiyohiyo ibandike ndani ya fremu. Milango ya zamani ilikatwa kwa mkono, kila mmoja kwa nafasi yake. Ukiichanganya utajikuta unaranda mlango ambao ulikuwa sawa. Skrubu za kila mlango zitie kwenye mfuko wake mdogo wenye namba ileile.

Mtungi wa gesi ufunge na kuutoa nje kabisa kabla spiriti haijafunguliwa. Kama kuna soketi karibu na sehemu utakayoosha, zima swichi kuu. Toa vyombo vyote, hata vile vya kabati la chini ambavyo mwenye nyumba anasema havina shida. Ukivitoa utakutana na mende. Fagia vinyesi na vifuko vya mayai vilivyojificha kwenye pembe za droo na nyuma ya bawaba, vitie kwenye mfuko na kuufunga, maana rangi ikipita juu ya uchafu ule huacha chunjua ambazo msasa hauzisahihishi.

Sasa panda ngazi utazame juu ya makabati ya kuning'inia. Huko ndiko vumbi na mafuta vimefanya zulia. Usilitie maji. Tandaza magazeti, kwangua kwa kadi au mwiko kuelekea kwako, ukunje gazeti pamoja na uchafu wake na kulitupa. Ukianza na maji juu kule, tope la mafuta litateremka kwenye fremu yote ambayo baadaye utalazimika kuiosha upya.

Kuosha

Laza mlango kwenye meza au juu ya ndoo mbili, upande wa mbele ukiwa juu. Chovya kitambaa kwenye maji ya magadi, kikamue nusu, kitandaze juu ya sehemu yenye utando mgumu, na ukiache hapo kwa dakika tano. Usisugue bado. Joto na magadi ndivyo vinavyofanya kazi, na fundi anayeanza kusugua mapema anajichosha bure na kukwaruza uso. Ukikinyanyua kitambaa utaona utando umebadilika, umekuwa na weupe na unateleza. Ukwangue kwa kadi ya plastiki, ufute kadi kwenye gazeti, uendelee. Pale palipo pagumu rudia. Kwa chipubodi na MDF dakika mbili zinatosha, na kingo usizifunike kamwe.

Uso ukishatoa ule utando mnene, osha mlango mzima kwa sponji, upande wa kijani, ukifuata uelekeo wa nyuzi za mbao. Mapambo ya kuchongwa na pembe za paneli ni kazi ya mswaki, na ndani kabisa ya pembe ni kijiti cha meno kilichofungwa kipande cha kitambaa. Maeneo hayo ni madogo lakini usiyapite haraka. Rangi hujikusanya kwenye pembe, na ikikauka juu ya mafuta inavutika na kupasuka mstari mrefu unaoonekana kutoka mlangoni.

Fremu ambayo imebaki ukutani unaiosha kutoka chini kwenda juu. Maji machafu yakitiririka juu ya uso mkavu wenye mafuta yanaacha michirizi ya njano inayokaidi. Yakitiririka juu ya uso ambao tayari umelowa yanapita tu. Suuza ndiyo inayotoka juu kwenda chini.

Badilisha maji mapema. Maji yakigeuka kahawia na kuota vipande vya mafuta juu, hayaoshi tena, yanapaka. Ndoo moja inanitosha milango miwili au mitatu ya karibu na jiko. Mama mmoja mwenye nyumba aliniuliza, "Fundi, maji yote haya kwa makabati?" Nikamwonyesha ndoo. Alirudi na sufuria nyingine ya maji ya moto bila kuniuliza tena. Siku maji yamekatika mtaani, ahirisha. Kuosha nusu ni kupoteza rangi.

Usiruhusu maji ya magadi yakauke juu ya mbao. Kama simu inaita au mtoto analia, futa kwanza kwa kitambaa chenye maji safi.

Suuza, kisha suuza kwa siki

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Mtu ameosha vizuri, mafuta yametoka, kisha amefuta mara moja na kuona inatosha. Magadi yaliyobaki kwenye uso ni adui mwingine: alkali ileile iliyogeuza mafuta ya kupikia kuwa sabuni itafanya hivyohivyo kwa rangi ya mafuta, polepole, kutoka chini. Rangi italainika na kunata miezi michache baadaye na wewe utalaumu duka.

Futa kwa maji safi mara mbili, kila mara na kitambaa kipya. Mara ya tatu weka kikombe kimoja cha siki kwenye lita 5 za maji ufute nayo, maana asidi yake hafifu inaua mabaki ya magadi. Maliza kwa maji matupu. Siki isidondokee kwenye meza au sinki ya terazo kama zilizomo kwenye majiko mengi ya zamani, kwa sababu inalamba mng'ao wake.

Na ole wako uchanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia, ile tunayoiita jiki. Inatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu, na jiko dogo lenye dirisha moja si mahali pa kujaribia. Jiki isichanganywe na siki, isichanganywe na dawa yoyote yenye amonia. Kusema kweli sioni sababu ya kuileta kabisa kwenye kazi hii, labda kama kuna ukungu kwenye ubao wa nyuma ya sinki. Hapo itumie peke yake, siku yake, madirisha wazi, na usuuze mpaka harufu iishe.

Uliza maji

Macho hayatoshi kujua kama uso ni safi. Chukua maji safi kwa vidole uyanyunyize kwenye mlango uliosuuzwa na kukauka kidogo. Yakitandaa na kuwa tabaka moja linaloteremka pamoja, mafuta yametoka. Yakijikusanya na kuwa matone ya duara yanayokimbiana, mafuta bado yapo, rudi kwenye ndoo. Jaribio hili linaaminika kwenye rangi kuukuu na vanishi iliyofubaa. Kwenye fomaika na rangi mpya inayong'aa sana maji hujikusanya hata uso ukiwa safi, kwa hiyo huko tumia kitambaa cheupe chenye spiriti: futa sehemu iliyo karibu na kishikio na ukitazame mwangani. Unjano wowote ni mafuta.

Kuna uso unaoweza kufaulu majaribio yote na bado ukakuangusha: ule uliokuwa ukipuliziwa dawa ya kung'arishia fanicha kwa miaka. Nyingi ya dawa hizo zina silikoni, na rangi ikipita juu yake inafunguka vitundu vya duara kama macho ya samaki. Muulize mwenye nyumba kama aliwahi kuitumia. Kama ndiyo, futa uso wote kwa thina ukitumia kitambaa kipya kila sehemu, kisha paka kipande kidogo cha majaribio upande wa nyuma wa mlango kabla hujagusa mbele.

Kukausha ni sehemu ya kuosha

Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na mbao huunywa. Simamisha milango kivulini penye upepo, juu ya vipande viwili vya mbao ili ukingo wa chini upate hewa. Jua kali la mchana linapinda paneli na kunyanyua uso wa plaiwudi, hivyo uani chini ya mwembe ni bora kuliko juu ya bati. Wakati wa kaskazi siku moja nzima inatosha kwa kawaida. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi hutoa siku mbili na zaidi, na kwa chipubodi iliyolowa kingo hungoja mpaka mkono usisikie ubaridi wowote. Sehemu yenye unyevu huwa na ubaridi kuliko ya jirani, ukiweka shavu au mgongo wa mkono utaitambua.

Kuanzia hapo, usikaange kitu jikoni humo mpaka praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, imepita na kukauka. Hili huwa nalirudia kwa familia nzima, akina mama, watoto, hata mgeni aliyekuja wikiendi. Kikaango kimoja cha chipsi usiku kinarudisha utando kwenye fremu zote ulizosafisha. Leteni jiko la mkaa uani au kibarazani kwa siku hizo. Na usishike uso uliosafishwa kwa mkono mtupu. Shika kingo, au vaa glovu safi.

Sasa ndiyo msasa

Uso ukiwa safi na mkavu, msasa una kazi moja: kuua mng'ao ili praima ipate pa kushika. Namba 180 kwa rangi na vanishi ya zamani, mkono mwepesi, kufuata nyuzi. Kwa fomaika namba 120 kisha 180, maana uso wake ni mgumu. Huna haja ya kufika kwenye mbao. Pale tu rangi ya zamani ilipoanza kunyanyuka ndipo ukwangue mpaka palipo imara, na ukingo wake uulainishe usibaki ngazi.

Lakini kwenye nyumba za miaka hiyo chukulia kwamba rangi ya mafuta ya chini ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mpaka ithibitike vinginevyo. Vumbi lake halina harufu ya kumwonya mtu, na madhara yake kwa akili ya mtoto mdogo hayarudi nyuma. Usiisugue ikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, lowesha kidogo kidogo, futa lile tope kwa kitambaa na ukitupe kwenye mfuko uliofungwa. Watoto na mama mjamzito wasiwepo jikoni siku hiyo, na usifagie. Futa sakafu kwa maji. Nguo zako za kazi zifuliwe peke yake. Msasa wa mashine kwenye rangi ya namna hiyo, ndani ya nyumba wanamolala watu, siukubali kwa malipo yoyote.

Vumbi au tope likishaondoka, futa mara ya mwisho kwa kitambaa kilichochovywa spiriti na kukamuliwa, dirisha wazi, hakuna moto, hakuna sigara. Usitumie petroli hata kama fundi wa jirani anaapa kwayo: mvuke wake unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto chumba cha pili. Mafuta ya taa nayo yanaacha utando wake mwenyewe, utakuwa umeondoa mafuta na kupaka mafuta. Kostiki soda inachoma ngozi na macho, inaziunguza mbao, na kwa kazi hii haina ambacho magadi hayafanyi.

Spiriti ikishapaa, piga praima siku hiyohiyo. Ukilala, vumbi na mvuke vitakuwa vimerudi. Penye masizi au doa la njano lililokataa kutoka, chagua praima ya mafuta ya kuziba madoa, kwa sababu rangi ya maji hulinyonya doa na kulileta juu hata ukipaka mara nne.

Vitambaa vilivyoshika mafuta na spiriti usivifinyange pamoja kwenye ndoo ukaviacha kona ya jikoni. Mafuta ya aina ya alizeti yakivuta hewa hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kupata moto lenyewe. Vitandaze kimoja kimoja kwenye kamba nje mpaka vikauke vikakamae, ndipo uvitupe.

Bawaba na vishikio vya shaba au chuma viloweke kwenye maji ya moto ya magadi na sabuni. Vipige mswaki, suuza, vikaushe kwa kitambaa mara moja visipate kutu, na bawaba uzitie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini tu. Futa kinachozidi. Mlango ukirudi mahali pake na tone likichuruzika kwenye rangi mbichi, utaosha tena.